Watu wa Jumatano

Jumanne, 5 Agosti

Nimefua glovu za Faruk tena. Zinanuka nyasi na jasho hata baada ya maji mawili. Nimezianika dirishani jikoni, vidole juu. Ma kapita, kazitazama, kasema zinamtisha. Ma ni mama mkwe wangu. Kila kitu kinamtisha isipokuwa mimi na pilipili.

Saluni vichwa vingi, mgongo umekufa. Mama Espérance, mwenye saluni, kaniletea sombe, kisamvu cha kwao Kongo, kwenye bakuli. Nimekula nimesimama.

Faruk karudi kutoka kiwandani na habari: wameingia nusu fainali ya kombe la viwanda. Hawajafungwa tangu msimu uanze, na kipa ni yeye. Anajifanya hajali. Kisha kajisahau, kaanza kuimba bafuni. Katoka na taulo, kaniambia kwa Kiswahili, "Mke wangu, leo nimekufa soksi zangu mwenyewe." Nimefua, si nimekufa. Nimecheka mpaka Ma kaja kuuliza kulikoni. Tangu tuoane namfundisha kila jioni, na bado anakufa soksi. Nampenda mno.

Jumatano, 6 Agosti

Faruk kaenda kikao tena. Kila Jumatano sasa. Anasema ni chama cha kuzikana cha pale kiwandani, wachezaji na wengine. Sawa, mji huu kila mtu ana chama cha kuzikana. Ila mbona akirudi hali chakula? Kasukuma sahani. Kalala kaelekea ukutani.

Jumapili, 10 Agosti

Nusu fainali. Uwanja wa vumbi kule kusini, harufu ya viwanda kooni, upepo wa moto kutoka milimani. Nilikaa na wake wa wachezaji. Faruk kadaka kama paka. Shuti moja la mwisho mwisho nilifumba macho, nikajua kwa makelele tu kwamba kalipangua. Moja bila. Wako fainali.

Vusi kaja kunipa chungwa lililomenywa. Ni nahodha wao, na kazini ndiye msimamizi wa Faruk. Mpole. Ananiita "sisi", kwa Kizulu ni dada. Kamshika Faruk begani, kasema mbele ya watu: huyu mzawa halisi, huyu ndugu yetu. Faruk katabasamu kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu.

Najua kwa nini. Watu wake huitwa Wazanzibari hapa Durban tangu mababu washushwe bandarini, watumwa waliookolewa baharini, wengi wao Wamakua ambao Zanzibar waliipita tu. Wamezaliwa na kuzikwa hapa vizazi na vizazi. Bado shuleni alikuwa akiulizwa atarudi lini kwao. Kwao ni Chatsworth, nyuma ya msikiti. Mimi nimetoka Tanga juzi tu, nikiitwa mgeni sishtuki. Yeye neno hilo linamchoma. "Mzawa" kwake ni tamu kuliko kombe.

Jumatano, 13 Agosti

Hayupo. Nina wivu, naandika bila haya. Nimenusa shati lake la wiki iliyopita kabla ya kulifua. Si marashi. Mafuta ya taa. Mwanamke gani ananuka mafuta ya taa?

Nimempigia mke wa Thulani, beki wao, nikamuuliza juu ya hiki kikao. Kasema maziwa yanamwagika, kakata simu.

Ijumaa, 15 Agosti

Saluni kimya. Papa Dieudonné kapigwa. Ni fundi simu, kibanda chake kinatazamana na mlango wetu. Mkongo wa Uvira kama Mama Espérance. Mtu wa kwaya, mtu wa kukuomba radhi wewe ukimkanyaga. Juzi jioni watu waliofunika nyuso walimgongea huko Point, mtaa wa bandarini, alikopanga chumba. Walimwita kwa jina, kwa adabu. Akafungua. Wakamwambia Durban si kwao. Jicho la kushoto limefumba kabisa, na mbavu zimevunjika. Mama Espérance alisimulia huku anasuka, hakuinua macho.

Juzi ilikuwa Jumatano.

Nimeandika sentensi hiyo, kisha nimekaa naitazama. Jumatano ni siku ya watu wote.

Jumanne, 19 Agosti

Nimemkanda Faruk mgongo baada ya mazoezi. Chini ya kwapa la kushoto ana alama ya moto, ya mviringo, ndogo kama kifungo. Kasema ni bomba la kiwandani. Bomba gani linafika kwapani? Niliendelea kukanda. Mikono yangu ilikuwa imepoa, akashtuka.

Naogopa. Sasa natamani angekuwa mwanamke tu.

Alhamisi, 21 Agosti

Leo sikwenda kazini. Andika yote, Zuhura.

Baada ya sala ya alfajiri Faruk hakunyanyuka kwenye msala. Nilimkuta paji la uso bado liko chini, analia bila sauti. Nikamwinua, nikamleta jikoni. Akasema yote, kwa Kiingereza. Kiswahili kilimkimbia.

Mwezi wa tano Vusi alimwambia nafasi ya kipa wa kwanza ni yake, ila wachezaji wa kweli wana chama chao. Akampeleka kwenye kontena nyuma ya bohari. Taa za chemli. Wanaume wamejivika soksi za kike usoni. Bastola mezani. Akaulizwa: wewe mzawa au mgeni? Akajibu mzawa. Wakamwapisha: siri mpaka kaburini, na anayetoka atatangulia kaburini. Kuzikana kwenyewe ndiko huko. Wakamtia alama. Alidhani ni ubabe wa wanaume, mambo ya timu. Kisha zikaanza safari za kwenda kwenye vyumba vya watu. Jina la chama hataki kulitaja hata kwangu. Anasema likimtoka mdomoni atatapika.

Kwa Papa Dieudonné hakuingia. Alisimama nje, kuangalia njia. Alisikia kila kitu.

Nilimtazama huyu mtu ninayemkata kucha. Nilimchukia. Si kidogo. Nilitoka uani, nikakaa juu ya ndoo mpaka jua likafika ukutani. Nilirudi ndani kwa sababu nilisikia Ma anampiga.

Ma alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. Anampiga kwa kitambaa cha vyombo, kibichi, begani, kichwani, na yeye kakaa tu, golikipa mkubwa, hakukinga hata pigo moja. Mkono ulipomchoka akakaa. Akasema polepole:

"Mimi nilihamishwa kutoka Bluff enzi za makaburu, nikiwa msichana. Lori lilipokuja, mama yangu alibeba mlango. Mlango mtupu. Nyumba walikuwa wameshaibomoa. Na wewe unakwenda kugonga milango ya watu."

Hakuna aliyekula.

Na kuna baya zaidi. Hawakumtaka kwa udakaji tu. Wageni wanaoishi Point siku hizi hawafungulii mtu akiita kwa Kizulu wala Kiingereza. Vusi anajua mke wa Faruk anamfundisha lugha. Jumatano baada ya fainali, Faruk ndiye atakayebisha hodi, kwa Kiswahili. Mlango gani, hawaambiwi mpaka wafike.

Maneno yangu. Niliyomfundisha kwenye sinki, tukimenya vitunguu, tukisubiri usingizi.

Jumamosi, 23 Agosti

Tumezunguka humo humo tangu juzi. Polisi? Mmoja wa wale wanaofunika nyuso huvaa buti za polisi, Faruk kaziona. Kukimbia? Nyumba wanaijua, na Ma kashasema hahami, amehamishwa mara moja inatosha. Asiende? Watampata mwingine, na kwetu watakuja na mafuta ya taa. Hawa watu wa Jumatano nimewapa chai na biskuti nyumbani kwangu. Wamenishukuru.

Faruk kasema atakwenda. Nikamwambia ukienda usirudi kwangu. Akasema, nisikilize kwanza. Wale hawajui Kiswahili hata neno. Mlangoni msemaji ni mimi. Nani atajua ninasema nini?

Nimekataa. Nimelia. Ma naye kalia, ila yeye alilia huku anapika. Mwisho nimevuta kiti, nimekaa naye mezani, nimemfundisha ya kusema. Polepole, kwa sauti ya mtu mwema aliyepotea njia. Amekosea mara nyingi. Leo sikucheka.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimemwambia Mama Espérance. Faruk hakutaka, aliogopa neno litavuja. Nikamwambia nikinyamaza, kichwa cha yule mama sitaweza kukigusa tena. Sikutaja jina. Nilisema tu: Jumatano ya wiki ijayo, waambie watu wako wa Point, asifungue mtu, hata akiitwa kwa Kiswahili. Anayeweza kulala kwingine alale kwingine.

Kaacha kusuka. Kanitazama kwenye kioo.

"Mutu wa kukuambia hii, anakulaka kwako?"

Anakula kwangu, ndiyo. Nikainamisha kichwa. Kaenda kuchukua mkoba wangu, kanitia mkononi, kafungua mlango. Sina hasira naye. Nimetembea mpaka ufukweni, nimekaa, nimerudi nyumbani. Miaka yote hii nimekula sombe ya yule mama, na leo hakuniambia hata kwaheri.

Jumamosi, 30 Agosti

Fainali. Vuvuzela zinalia, ngoma, wanawake wa kiwanda wamevaa aproni zao za kazi kama bendera. Hata Ma kaja, kakaa kwenye kiti chake cha kukunja, shali mpaka puani. Alisema anakuja kumwangalia mwanawe, si timu.

Moja moja mpaka mwisho. Penalti. Faruk kasimama kwenye mstari, mikono imetanuka, na nilijua hafikirii mpira. Ya kwanza ikampita. Ya pili kailalia chini kulia, kapangua. Baadaye tena, ya juu, kwa ncha za vidole, ikagonga mwamba ikatoka. Ya mwisho yetu Vusi akafunga. Mabingwa.

Wakambeba. Wale wale. Vusi alimbusu kichwani mbele ya uwanja mzima, analia machozi ya kweli. Nilipiga vigelele. Nasema kweli, nilipiga. Mume wangu alikuwa juu ya mabega ya watu na kombe mkononi na jua usoni, mzawa wa kuzaliwa, na hakuwahi kuwa mzuri vile. Akanitafuta kwa macho kwenye umati. Aliponiona akaacha kucheka.

Jumatano, 3 Septemba

Ametoka. Kanibusu kiganja. Ma anasoma Yasini chumbani. Sina la kuandika, naandika ili mkono uwe na kazi.

Ijumaa, 5 Septemba

Hospitali. Yuko hai. Yuko hai. Yuko hai.

Naandika alivyonisimulia, na alivyonisimulia Thulani.

Giza lilikuwa limeingia tu, watu bado wanapika. Jengo la zamani Point, ghorofa ya pili, korido imejaa harufu ya samaki. Vusi kaonyesha mlango kwa kidole. Wengine wakajibana ukutani. Faruk akabisha. Akasema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi:

"Hodi wenyewe. Msifungue. Nimekuja na watu wabaya. Sukumeni kabati mlangoni, pigeni kelele, jengo lote lisikie. Tafadhali, mama."

Hakukosea hata neno.

Ndani mtu akasema neno kwa sauti ya chini. Vusi akamnong'oneza, wamesemaje? Faruk akasema wanavaa nguo, wanakuja. Kisha kikasikika kitu kizito kinaburutwa sakafuni. Kisha sufuria. Mtu anapiga sufuria kwa mwiko. Sufuria nyingine juu, nyingine chini, mpaka jengo zima linalia, na wanaume wakaanza kushuka ngazi. Walikuwa wanangoja. Mama Espérance alikuwa amewaambia wote. Watu wa Jumatano wakakimbia, na Faruk kati yao, maana angefanya nini?

Walikuwa wamefika uchochoroni salama. Ndipo mwanamke mmoja akafungua dirisha juu, akaita kwa Kizulu chake cha sokoni, Mungu akubariki kaka uliyetuambia tusifungue. Hakukusudia baya. Alikuwa anashukuru.

Vusi hakupiga kelele. Alimuuliza tu, ni kweli? Faruk akasema ni kweli. Wakamlaza, wakaiweka mikono yake juu ya ukingo wa barabara, wakatumia chuma. Mikono yote miwili. Vusi alisema wanamwachia roho kwa sababu ya kombe.

Thulani alikimbia na wengine. Kisha akageuza gari, akarudi peke yake, akamleta hapa. Bado yuko kwenye benchi nje, hataki kwenda nyumbani. Wapelelezi wamekuja kutoka mji mwingine, Thulani ndiye aliyesema bila hivyo hafungui mdomo. Wote wawili wametoa maelezo. Leo asubuhi Vusi kachukuliwa kazini. Na yule wa buti pia.

Faruk amelala. Plasta mpaka kwenye viwiko. Nimemwosha uso. Nimemchana ndevu. Hasira bado ninayo, iko pale pale chini ya mapenzi, vinakaa pamoja kama wake wenza. Sijui kipi kitamzika mwenzake.

Jumamosi, 6 Septemba

Mama Espérance kaja saa ya kutazama wagonjwa. Kapita mbele yangu bila salamu. Kakaa kitandani kwa Faruk, kafunua bakuli, kachota sombe na wali, kampelekea mdomoni. "Kula," akasema. Akamlisha mpaka bakuli likaisha. Wakati wa kutoka alinishika shavu. Nikalia kwenye korido, manesi wananipita.

Jumatatu, 15 Septemba

Tuko nyumbani, ila si kwa muda mrefu. Wameandika "msaliti" kwenye ukuta wetu kwa rangi nyekundu. Kiwandani wanasema kaiua timu. Kuna majirani waliokuja na chakula na kuna waliovuka barabara. Imamu kaja kukaa na Faruk, hakuhubiri, nimemshukuru kwa hilo. Mpelelezi anasema tuhame kabla ya kesi. Rafiki wa Mama Espérance wa kanisani ana vyumba viwili Sydenham, nyuma ya nyumba yake.

Nilidhani Ma atakataa. Leo gari lilipofika tulimkuta ameshakaa kiti cha mbele, sufuria yake mapajani, amejifunga mkanda. Faruk kaanza kumwomba radhi. Kamkatiza.

"Kuhamishwa nakujua. Hii nahama."

Jumapili, 28 Septemba

Kuna kazi ya mapenzi hakuna aliyenifundisha. Kumfunga mwanamume zipu. Kumlisha bila kumfanya mtoto. Tunacheka pengine. Leo nilimpiga mswaki, akaniuma kidole kwa makusudi.

Mchana Papa Dieudonné kaja, Mama Espérance kamleta kisha kaondoka. Jicho limefunguka lakini anageuza kichwa kizima kukutazama. Nimewawekea chai. Faruk hakungoja. Alimwambia kwa Kiswahili, nilisimama nje, ile Jumatano. Niliangalia njia. Nilisikia na sikuingia.

Papa Dieudonné kageuza kichwa kizima kumtazama.

"Nilijua iko mutu inje," akasema. "Nilimusikia anakohoa. Nikawaza, huyu ataingia, atawaambia basi."

Faruk hakujitetea. Nilitaka kumsemea, kwamba alifanya vile baadaye, kwamba itazame mikono yake. Nikafunga mdomo. Si yangu.

Papa Dieudonné akasimama, chai hakuigusa. Mlangoni akasema, "Nitarudia hapa siku ingine. Leo siwezi."

Chai yake nimeimwaga, imepoa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Plasta zilitolewa jana. Mikono imekuwa myembamba, ya mtu mwingine. Vidole vya kulia havikunji sawasawa. Daktari anasema atashika kijiko, atashika kalamu, labda usukani. Mpira, hapana. Faruk kamshukuru. Nilivishika vile vidole mpaka Sydenham.

Kesi imesogezwa mbele. Vusi na wenzake bado wako ndani. Nimerudi saluni, kiti changu kilikuwa kinaningoja.

Leo alasiri mtu kabisha. Papa Dieudonné, na redio ndogo na mfuko wa karanga za maganda. Kaiweka redio katikati ya meza, kavuta kiti, katafuta mechi ya ligi. Anamenya karanga, nyingine anakula, nyingine anasukuma upande wa pili wa meza, bila kutazama. Faruk anaziokota moja moja kwa kiganja.

Niko jikoni. Bao limekataliwa, na sasa wanabishana kama mshambuliaji alikuwa ameotea. Hakuna aliyeona, ni redio. Faruk anakosea maneno, Papa Dieudonné anamjibu hivyo hivyo. Ma kalala kwenye kiti, mdomo wazi. Mvua nyembamba imeanza nje. Nimepunguza moto chini ya wali, nimekaa kwenye kigoda, nawasikiliza.